Mistari Yangu Inaegemea Kulia

Nikichora chupa, inaegemea kulia. Nikichora mlango, unaegemea kulia. Viti, vikombe, fremu za madirisha, vyote vinainama upande huohuo, kidogo tu, kama mtu anayemtegea sikio aliyeketi jirani yake. Kwa miaka minne nililiona hilo kuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Nililipiga vita kwa rula, nikalipiga vita kwa penseli iliyoshikwa wima mbele ya jicho moja, na mwishowe nikatafuta timazi, ile kamba yenye uzito mwishoni ambayo mafundi hutumia kunyoosha ukuta. Niliining'iniza kando ya kanvasi nikawa naitazama kabla ya kila mstari. Mistari ikanyooka. Picha zikafa.

Naandika haya kwa sababu nakutana na watu wengi wa rika langu walioanza kupaka rangi baada ya kustaafu, na karibu wote wana swali lilelile lililonikosesha usingizi mimi: mtindo wangu nitaupata wapi, na muda wenyewe ndio huu uliobaki?

Nilianza nikiwa na miaka 57. Sasa nina 66. Kabla ya hapo nilifundisha biolojia kwa miaka 31, na katika miaka yote hiyo sikujiita mchoraji hata siku moja. Nilipostaafu nikanunua brashi tatu na boksi la rangi za mafuta, na mwalimu mwenzangu mmoja alipoziona akaniambia kwa upendo kabisa: "Samaki mkunje angali mbichi, ndugu yangu." Hakukusudia kunivunja moyo. Lakini methali ile ilikaa nami, na kila picha iliyoharibika niliisikia tena.

Nilijiunga na darasa la jioni la watu wazima. Aliyetufundisha alikuwa kijana mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, mwenye subira, na mpaka leo namshukuru kwa mengi: namna ya kukaza kanvasi kwenye fremu, namna ya kuosha brashi ili isiote pembe, na ile kanuni ya kale kwamba tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo la juu litatangulia kukauka na kupasuka. Kila jioni alipopita nyuma yangu alisimama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, chupa yako inaanguka." Nilikuwa nafuta na kuchora upya. Inaanguka tena.

Wakati huohuo nilikuwa natafuta mtindo. Nilikuwa na daftari lenye kichwa hicho juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake nimeorodhesha wachoraji niliowapenda na kile nilichotaka kuchukua kwa kila mmoja. Mwaka wa kwanza niliacha brashi nikapaka kwa kisu, rangi nene kama lipu. Kisha zikaja nukta, nikimfuata mchoraji Mfaransa Georges Seurat: nukta elfu na elfu, mpaka vidole vikashika ganzi. Kisha Giorgio Morandi, yule Mtaliano aliyekaa Bologna maisha yake yote akichora chupa na makopo yaleyale kwa miaka na miaka, kwa rangi zilizotulia kama vumbi. Yeye nilikaa naye karibu mwaka mzima. Kunakili wakubwa ni shule nzuri na sijutii hata picha moja. Mkono unajifunza mambo ambayo macho peke yake hayawezi kuyaona. Nilichokosea ni kudhani kwamba siku moja nitavaa nguo ya mmoja wao, nitajitazama kwenye kioo, na itanikaa sawasawa.

Darasa letu lilifanya maonyesho madogo. Mimi nilitundika picha tano. Mama mmoja mtu mzima alisimama mbele ya ukuta wangu kwa muda mrefu, akaniuliza kwa dhati, bila ubaya wowote, "Hizi ni za watu wangapi?"

Nilimjibu kwamba ni zangu zote. Akatikisa kichwa kwa heshima akaendelea na safari yake. Usiku ule sikulala. Picha hazikuwa mbaya. Mbili kati yake hata leo naziona zimepakwa vizuri. Lakini yule mama alikuwa amesema kweli: ukutani palikuwa na wageni watano waliofika siku moja, na mwenye nyumba hakuwepo.

Kwa mtu aliyeanza mapema, hilo ni jambo la kupita. Kijana wa miaka 20 anaweza kuvaa mitindo kumi na bado akafika 40 akiwa na wake. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Nilikuwa nakamilisha picha kumi na mbili hivi kwa mwaka. Ukiwa na miaka 61, hesabu hiyo inakufanya uiangalie kila kanvasi tupu kwa namna nyingine. Nikaacha darasa. Nikaacha na daftari. Kwa miezi mitatu sikugusa brashi.

Nilirudi kwa sababu ndogo sana. Nilikuwa na kanvasi moja kubwa iliyoharibika, mandhari ya miti niliyoipaka kwa kisu, na sikutaka kuitupa. Niliipiga msasa kulainisha vile vinundu, kisha nikakusanya mabaki ya rangi yote yaliyokuwa kwenye kibao, nikaongeza kahawia iliyokolea ya udongo wa amba, nikazimua kwa tapentaini na kuifunika picha yote. Ikawa giza, kahawia inayokaribia nyeusi, na hapa na pale nundu la tawi la zamani likionekana ukitazama kwa ubavu. Udongo wa amba una manganizi ndani yake, na manganizi huharakisha mafuta kukauka. Baada ya siku chache nilipopitisha kidole, kilitoka kikavu. Sikuwa na mpango nayo. Nilitaka tu isionekane ile miti.

Kanvasi ile ilisimama kwenye stendi wiki nzima ikinitazama. Mimi nilikuwa nimezoea nyeupe. Darasani tulianza na nyeupe siku zote, tukaenda tukiweka vivuli. Mbele ya giza lile sikuwa na kivuli cha kuweka. Kivuli kilikuwa tayari kipo. Kilichokosekana ni mwanga.

Kando ya stendi kulikuwa na meza yangu ya kazi, na droo yake ya juu ilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na funguo zisizo na kufuli, miwani iliyovunjika mkono, betri, kipimajoto, mpira wa kamba, kalamu zilizokauka. Nikachukua nyeupe ya titani, nikaichanganya na njano ya udongo kidogo tu, brashi bapa yenye upana wa vidole viwili, nikachora ukingo wa droo kwa mkupuo mmoja kutoka juu kwenda chini. Haukukaa mahali pake. Nikachukua kitambaa nikaufuta.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana mambo yote yalitokea ndani ya sekunde chache. Kwenye kanvasi nyeupe ukifuta mstari unabaki na uchafu, na uchafu huo unaupigania mpaka mwisho. Kwenye lile giza, kitambaa kilivuta nyeupe kikaitandaza ikawa ukungu wa kijivu, mwembamba, unaoachia kahawia ya chini kupumua. Na ndani ya ukungu ule mstari wa kwanza ulikuwa bado unaonekana, hafifu, kama maneno ya jana. Nikachora mstari wa pili juu yake, ukang'aa. Nikachora kipimajoto, nikakifuta nusu, kikarudi nyuma ndani ya droo mahali panapostahili. Nikafuta kwa ubavu wa kiganja. Nikafuta kwa kidole gumba. Sikuwa nafikiri. Mkono ulikuwa unajua ni wapi pa kubonyeza na wapi pa kupapasa tu, na nilishangaa ulijulia wapi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Akasema, "Kwa nini unasimama pembeni?"

"Pembeni ya nini?"

"Ya picha. Nyuma yako hakuna mtu. Unampisha nani?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimesimama kushoto kabisa kwa kanvasi, bega la kushoto likikaribia ukuta, mkono wa kulia nimeunyoosha mbele ya picha kama anayemwonyesha mtu njia. Na ni kweli, nilikuwa nampisha mtu. Nilikuwa nawapisha wanafunzi wa safu ya nyuma.

Miaka 31 nilichora ubaoni. Moyo na vyumba vyake vinne. Figo iliyopasuliwa katikati. Nefroni, kile kichujio kidogo sana ndani ya figo, ambayo kuichora ni kama kufunga fundo ukiwa umefumba macho. Ua lililokatwa ili ovari ionekane. Kila mwaka picha zilezile, madarasa manne au matano kwa mwaka, na kila moja nimeichora nikiwa nimesimama pembeni, kwa sababu mwalimu anayesimama mbele ya mchoro wake hafundishi mtu. Nilichora kwa nyeupe juu ya giza. Nilifuta kwa dasta, na dasta ikipotea kwa kitambaa, na kitambaa kikipotea kwa kiganja. Na ubao haukuwa safi hata siku moja. Chini ya figo ya leo palikuwa na ukungu wa moyo wa jana, na mwanafunzi mwenye macho mazuri aliweza kuusoma.

Niliketi kwenye kiti nikamwambia mke wangu arudie alichosema. Akarudia. Kisha akaenda zake, maana alikuwa amekuja kuniuliza jambo jingine kabisa.

Kesho yake nilifanya kazi ya mwalimu wa sayansi: nilichunguza. Nilifunga penseli kwenye kijiti, nikasimama kushoto kwa karatasi kubwa ukutani, nikachora mistari kumi niliyoamini ni wima. Kisha nikapima. Mkono ulionyooka ni bikari, na ncha yake ya chuma iko begani. Bega likiwa kushoto na karatasi ikiwa kulia, kila mstari unaoshuka chini ya kimo cha bega unavutwa taratibu kuelekea mwilini, yaani kushoto. Kwa hiyo kichwa cha mstari kinabaki kulia. Chupa inaegemea. Na kuna jambo jingine sikulijua: ukitazama ubao kwa ubavu, upande ulio mbali na wewe unaonekana umebanwa, na mkono unaufidia bila kukuuliza. Vitu vyangu vyote vina upande wa kulia mpana kuliko wa kushoto. Mdomo wa kila kikombe nilichowahi kupaka unafunguka kuelekea kulia.

Nikatoa picha za miaka yote, nikazipanga sakafuni. Zile za kisu. Zile za nukta. Chupa za Morandi. Zote zimeegemea. Hata pale nilipotumia timazi, kitu kidogo nilichokisahau, kizibo, bawaba, kilikuwa kimeegemea pembeni. Nilikuwa nimebadilisha nguo mara tano na sauti ilikuwa ileile muda wote. Sasa mtindo nauona kuwa kama lafudhi. Lafudhi yako huisikii mwenyewe. Wengine wanaijua tangu neno la kwanza, na ukiwa na bahati kuna mmoja atakayekuambia kwa upole.

Na ile methali ya samaki nayo nikaielewa upya. Ni kweli samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nilikuwa nimeshakunjwa tangu nina miaka 25, siku ya kwanza niliposhika chaki. Kijana wa darasa la jioni, Mungu ambariki, alikuwa anajaribu kumkunjua.

Tangu hapo nimewasoma kwa jicho jingine wale walioanza au waliojulikana wakiwa wazee. Zamani niliwasoma ili kujipa moyo: kama yeye aliweza, nami nitaweza. Sasa natazama mikono yao ilikuwa inafanya nini kabla.

Ninayempenda kuliko wote ni Alma Thomas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1891. Alifundisha sanaa katika shule moja jijini Washington kwa miaka 35, akastaafu 1960, na ni baada ya hapo ndipo picha zake zikawa zile tunazozijua: vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kwa safu na kwa mizunguko, na katikati yao nyeupe inapenya. Mwenyewe alieleza kwamba ilitokana na kutazama mwanga ukicheza kwenye majani ya mti uliokuwa nje ya dirisha lake. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, alifanya maonyesho yake peke yake katika makumbusho ya Whitney, New York, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kupewa nafasi hiyo pale. Mara ya kwanza nilipomsoma niliona umri tu: 80! Sasa ninachokiona ni dirisha. Hakwenda mbali. Alikaa nyumbani kwake akatazama mti aliokuwa nao miaka yote.

Kisha Emily Kame Kngwarreye wa jangwa la katikati ya Australia, aliyezaliwa karibu 1910. Kanvasi aliigusa mwishoni mwa miaka ya 1980, akikaribia miaka 80, na katika miaka minane hivi kabla ya kifo chake mwaka 1996 alipaka picha zinazokadiriwa kufikia 3,000. Watu wanashangaa kasi hiyo. Lakini tangu ujana alikuwa akichora mistari ya sherehe kwenye miili ya wanawake wa jamii yake, na tangu 1977 alikuwa kwenye batiki. Mistari ile mipana aliyoivuta kwenye kanvasi, mkono wake ulikuwa unaijua kabla kanvasi haijafika kwake.

Na Bill Traylor, aliyezaliwa utumwani Alabama karibu 1853, ambaye alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1930 akiwa ameketi barabarani mjini Montgomery, na katika miaka michache tu akaacha michoro zaidi ya 1,000. Alichora kwenye makadibodi yaliyotupwa, na kama kadibodi ilikuwa na doa au kona iliyokatika, mchoro ulijipanga kulifuata doa lile. Zamani ningesema: masikini, hakuwa na karatasi nzuri. Sasa naona mtu aliyeukubali uso aliopewa na kuanzia hapo.

Sidai kwamba niko kundi moja nao. Nasema tu kwamba sioni hata mmoja wao aliyekwenda kununua mtindo mahali.

Nirudi kwenye kazi yenyewe, maana kujua chanzo cha kitu hakukipi rangi. Shida yangu ya kwanza ilikuwa nyeupe. Titani inafunika vikali mno. Mstari wa chaki haufuniki hivyo: unakamata vichwa vya vinundu vya ubao tu na kuacha mashimo. Nikafikiri, basi nitumie chaki yenyewe. Nikasaga vipande viwili nikachanganya na mafuta ya kitani. Nikapata uji wa rangi ya asali chafu, usio na weupe wowote. Nilipouweka kwenye giza ukatoweka.

Siku nyingi zilipita kabla sijaelewa kilichotokea. Unga wa chaki ni mweupe kwa sababu umezungukwa na hewa. Mafuta yakichukua nafasi ya hewa, mwanga unapita ndani ya chembe karibu bila kupinda, kwa sababu chaki na mafuta vinaupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Titani inaupinda zaidi sana, ndiyo maana inabaki nyeupe. Hata hivyo wakubwa hawakuitupa chaki. Waliotafiti picha za Diego Velázquez, mchoraji Mhispania wa karne ya 17, wamekuta aliongeza kalsiti, ambayo kwa asili ni kitu kilekile cha chokaa, kwenye rangi zake ili ziachie mwanga kupita. Nami nikafanya hivyo: sehemu moja ya titani, sehemu mbili za kalsiamu kaboneti safi ya wachoraji, siyo chaki ya darasani, maana hiyo huwezi kujua imechanganywa na nini. Rangi ile ikakaa kama nilivyotaka. Ukiivuta kwa brashi kavu inang'aa kwenye vinundu vya kanvasi, ukiifuta inabaki ukungu.

Na nikagundua jambo lililonifurahisha kama mtoto. Ile rangi nyeupe ambayo wachoraji huandalia kanvasi, jeso, jina lake ni neno la Kiitaliano, na maana yake ni jasi. Wataliano wa kale waliichanganya jasi na gundi wakapaka mbao zao. Wa kaskazini mwa Ulaya walitumia chokaa. Na chaki za ubaoni hutengenezwa kwa jasi au kwa chokaa. Vumbi nililolipangusa kwenye mikono ya shati kwa miaka 31 ni ndugu wa tabaka lililo chini ya picha zilizomo kwenye makumbusho.

Velázquez huyohuyo amenisaidia pia kuhusu mistari ya jana. Katika picha yake ya Mfalme Philip IV akiwa juu ya farasi, ya miaka ya 1630, iliyoko makumbusho ya Prado, Madrid, ukitazama miguu ya nyuma ya farasi unaona miguu mingine hafifu, mahali alipoichora kwanza kabla ya kubadili. Rangi ya mafuta hupitisha mwanga zaidi kadiri karne zinavyokwenda, na kilichofunikwa kinapanda juu. Yeye alikusudia kuificha. Mimi naiacha tangu mwanzo. Kama nimehangaika kupata mahali pa kipimajoto, sioni kwa nini anayetazama asione mahali nilipohangaika.

Kwa miezi kadhaa nilipaka droo. Tisa. Niliona nimefika, na hapo nikapata somo lililonitisha kuliko yote. Droo ya saba na ya nane zilikuwa na kitu kibaya na sikukijua mpaka nilipoziweka kando ya ile ya kwanza. Nilikuwa nimeziegemeza kwa makusudi. Nilijua sasa kwamba mimi ni mtu wa mistari inayoegemea, basi nikaegemeza, ukingo na chini na vitu vyote, kwa kiasi kilekile, kama mtu anayeiga lafudhi yake mwenyewe. Zilikuwa uongo. Maegemeo ya kweli hayalingani: juu ni madogo, chini ni makubwa, na mahali ambapo nilisogeza mguu yanabadilika ghafla. Nilizipiga msasa zote mbili nikazirudisha gizani.

Sasa sheria yangu ni moja: najitahidi kunyoosha. Kwa moyo wote, kila mstari, nikisimama pale ninaposimama, pembeni. Ukiinama, uiname wenyewe.

Nimejaribu pia kusimama katikati, kwa haki kabisa, mwezi mzima. Mistari inanyooka bila shida. Lakini nikisimama katikati naitazama picha kama mtu anayetazama kitu chake. Nikisimama pembeni naichora huku nikihisi kuna mtu upande wa kulia nyuma yangu anayesubiri kuelewa. Nadhani hilo la mwisho ndilo lenyewe, na maegemeo ni alama yake tu. Hata vitu ninavyovipenda kuchora vinatoka hukohuko: kila kitu changu kiko wazi. Droo, sanduku lililofunguliwa, redio iliyovuliwa kifuniko, saa isiyo na mgongo, kabati lenye milango miwili wazi. Sijawahi kupata hamu ya kuchora kitu kilichofungwa. Miaka 31 nilipasua vitu ubaoni ili watoto waone ndani.

Anayeniuliza aanzie wapi namwambia aangalie kwanza kile anachosahihishwa kila siku. Siyo kila kosa ni hazina. Rangi zangu za mwanzo zilikuwa na tope kwa sababu sikuosha brashi, na hilo lilistahili kusahihishwa na likaisha. Lakini kosa linaloondoka ukilielewa ni tofauti na kosa linalorudi kila ukisahau. Hilo la pili ningelifuata mpaka nijue linakotoka.

Tangu mwaka jana bega la kulia linauma. Daktari ameniambia nisiunyooshe mkono kwa muda mrefu, nisiupandishe juu ya kimo cha bega. Nimeshusha stendi. Nimekata brashi mbili mipini, nyingine nimeifunga kwenye kijiti chepesi. Kiwiko sasa kinakunjwa, kwa hiyo bikari imepata kiungo cha pili, na mistari imeanza kufanya kitu nisichokifahamu: inashuka ikiegemea, kisha karibu na mwisho inajirudi kidogo, kama herufi. Wiki hii napaka redio. Chini yake kuna picha ya zamani, chupa mojawapo za kipindi cha Morandi, na sikuipiga msasa vya kutosha, kwa hiyo bega la chupa linatokeza katikati ya nyaya. Jana jioni nilichukua kitambaa ili niliondoe. Nikafuta mara moja, nikasogea nyuma hatua tatu, nikaenda kusimama pale ambapo safu ya nyuma ingekuwa, nikakiweka kitambaa chini.